Mulaboranti na Uzi wa Buluu

Mulaboranti alikuwa mtu pekee mtaani kwetu aliyeweza kurudi kutoka ziwani bila samaki hata mmoja na bado akawa na furaha. Wenzake wa mtumbwi walishusha ndagala kwa mabeseni. Yeye alishusha ndoo ya bati iliyojaa matope, ameifunika kwa karatasi ya alumini kama anapeleka nyama harusini. Wanawake waliokuwa wakisubiri samaki walimpisha, wakamwuliza kama leo matope yamenona. Alijibu kwa adabu kwamba yamenona, hasa yale ya mbele ya mdomo wa mto Mulongwe. Hakuwa anatania. Kwake kulikuwa na matope mazuri na matope mabaya, na ukimpa nafasi alikueleza tofauti yake mpaka ugali wako ukapoa.

Kwetu Uvira mtu wa maabara huitwa mulaboranti. Wengine wote tuliowajua walipima damu na mkojo. Huyu alipima sakafu ya ziwa. Alikuwa na chumba kimoja cha kazi, madirisha mawili, meza ya mbao, na hadubini ya zamani iliyotumia mwanga wa jua kwa sababu umeme wetu una tabia zake. Humo alitafuta ndani ya matope vipande vya plastiki vidogo kuliko punje ya unga: makombo ya mifuko, ya bidoni, ya vifuniko vya chupa, na zaidi ya yote nyuzi. Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu cha Kilibula kilitazamana na lango lake kwa miaka kumi na miwili. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sikuwahi kuuliza, maana mtu wa namna ile unamjua kwa vitu anavyokataa.

Alikataa sweta. Alikataa mablanketi yale mepesi ya kung'aa, kofia za kufuma, jezi za mpira, na kila nguo ya mitumba ambayo hakuivuta kwanza uzi mmoja akaunusa. Alisema nguo hizo zinapukutika nywele, na nywele zake ni plastiki, kwa hiyo mtu akiinama juu ya kisahani cha matope akiwa amevaa sweta, atahesabu sweta yake na kusema amehesabu ziwa. Alitaka pamba tupu. Mara moja alipanda Mulenge kwenye harusi ya shemeji yake, kule kwenye ng'ombe na baridi, akavaa mashati matatu ya pamba moja juu ya jingine huku wenzake wamejifunika majaketi mazito. Alirudi na kikohozi cha mwezi mzima. Mkewe alisema kama ziwa lingekuwa na shukrani, lingemletea dawa.

Jambo la kwaya nalo lilikuwa kituko. Aliimba sauti ya nne parokiani, sauti nzito iliyotoka kwa mtu mwembamba, na kanzu za kwaya zilikuwa za kitambaa kile kinachonata mwilini. Wiki za kwanza aliimba akiwa amesimama pembeni kwa shati lake, kama mgeni aliyekosa kiti. Kiongozi wa kwaya akamwambia achague kati ya Mungu na matope. Akavaa kanzu. Lakini Jumatatu hakuingia chumba chake cha kazi kabla ya kuoga mara mbili na kuchana nywele kwa kitana cha mbao, na kama mazoezi ya kwaya yaliangukia katikati ya wiki, alihesabu siku hiyo kuwa imekufa.

Sasa msikie mtu huyohuyo. Hakujua kuogelea. Miaka yote aliyoingia ziwani kuinua matope, alijifunga kiunoni bidoni tupu la njano la lita ishirini, lile lile la kuchotea maji, ili mtumbwi ukipinduka limshike juu. Wavuvi walimwita bwana harusi wa bidoni. Nilimwuliza siku moja inakuwaje anailaani plastiki kutwa nzima halafu anaikabidhi roho yake. Alifikiri kwa muda, maana alikuwa mtu wa kuchukua kila swali kwa uzito, akasema hajawahi kusema plastiki ni kitu kibaya. Amesema haijui kufa. Akaongeza kwamba kitu kisichojua kufa ndicho hasa unachotaka kiunoni ukiwa katikati ya maji.

Kazi yake niliijua kwa macho, kwa sababu mlango wake haukufungwa. Alishusha chini ya ziwa sanduku la chuma lenye mataya mawili, kwa kamba ya katani, kamwe si ya nailoni. Sanduku likigusa chini, mataya yalifunga na kuuma matope. Nyumbani aliyakoroga na maji ya chumvi kali, akayaacha yatulie. Mchanga na udongo vilizama, plastiki ikaelea, yeye akaichuja. Chumvi alinunua kwa gunia. Muuza chumvi wa sokoni aliamini kwa miaka kwamba huyu baba ana duka la samaki wa chumvi mahali fulani, na kwamba ni mchoyo kwa kuwa hajawahi kumletea hata mmoja.

Kilichotukutanisha sisi wawili kilikuwa moto. Fundi akitaka kujua uzi ni wa nini, huuwasha kiberiti: pamba hugeuka majivu na kunuka karatasi iliyoungua, nailoni na ndugu zake hujikunja na kuwa shanga ngumu. Mulaboranti alifanya vilevile chini ya hadubini. Alipasha sindano kwenye taa ya spiriti, akagusa kiuzi. Kikijikunja, ni plastiki. Siku aliponiona kibandani nikichoma ncha ya uzi, alivuka barabara mbio na kusimama mbele yangu kama aliyekutana na mtu wa kijiji chake. Tangu hapo aliniita mwenzake wa kazi. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo kabla yake, wala baadaye.

Nilipenda kuitwa hivyo. Nalisema wazi kwa sababu bila hilo mambo yanayofuata hayaeleweki. Nilikuwa mjane mwenye cherehani ya kukanyaga, mshona sare za shule na mapindo ya vikwembe vya kujifunga akina mama, na huyu mtu aliyesoma alikuja kila siku saa nne na kikombe chake cha chai, akaketi kwenye benchi la wateja na kunieleza ameona nini asubuhi ile. Alinieleza kama ambavyo ungemweleza mtu anayeweza kukupinga. Nilimpinga, tena sana. Hata leo saa nne ikifika mkono wangu hupunguza kasi wenyewe, na benchi lile nimelikataza lisihamishwe.

Alikuwa na msemo mmoja aliourudia mpaka watoto wa mtaa wakauimba. "Ziwa haisahau kintu," alisema. "Inaweka chini tu." Alikuwa na maana kwamba mto unaopita, mvua inayoosha mitaro, mwanamke anayefua na mvuvi anayekata wavu uliochoka, vyote vinaandikwa kule chini, tabaka juu ya tabaka, na siku moja mtu atasoma. Alitamani sana awe yeye. Hakutaka cheo. Alitaka karatasi moja tu yenye ukweli kuhusu matope ya Uvira, iliyoandikwa na mtu wa Uvira, ambayo hata mgeni kutoka mbali asingeweza kuitoboa.

Siku moja alikuja na kitambaa cha pamba cha rangi ya chungwa iliyoiva. Alitaka mabluzi mawili ya kazi, yale makoti marefu ya maabara, moja la kuvaa na moja la kufua. Alichagua rangi ile kwa hesabu: hakuwahi kuikuta ziwani, kwa hiyo kiuzi cha chungwa kikianguka kisahanini angejua mara moja ni chake. Uzi nao uwe wa pamba, wa rangi hiyohiyo, alisema. Mtumbwi alikuwa ameahidiwa Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Uzi wa pamba wa chungwa nilikuwa nao, lakini kidogo. Mwingine ulikuwa ukitoka Bujumbura, na mpaka ulikuwa umefungwa kwa majuma. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili, mmoja wa juu unaopita kwenye sindano, mwingine wa chini unaokaa ndani ya mashine. Uliobaki ulitosha wa juu tu. Nilikuwa na kibonge cha uzi wa buluu, imara, haukatiki hata ukiuvuta kwa meno. Niliuwasha ncha. Ulijikunja ukawa shanga.

Niliujua, basi. Kibonge chenyewe kilikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni polyesta. Nilijiambia uzi wa chini hauonekani, uko upande wa ndani, nani atavaa koti limegeuzwa? Nilijiambia pia kwamba mwenzake wa kazi hawezi kumwambia Jumatatu asubuhi kwamba nguo haziko tayari. Nikashona kwa uzi wa chungwa juu na wa buluu chini, na kazi ilitoka nzuri ajabu. Jumapili baada ya misa alikuja kuyachukua. Alivuta uzi mmoja kutoka kwenye pindo la mkono, upande wa nje, akauchoma mbele yangu.

"Majivu," alisema, na uso wake ukafunguka. "Iko muzuri, Mama Fundi. Sasa ziwa haitatudanganya."

Ningeweza kusema pale pale. Nilikuwa na mdomo, na barabara ilikuwa tupu. Nikamwambia avae tuone mabega.

Aliyavaa mabluzi yale mwaka mzima. Alianza kuja saa nne akiwa na habari ambazo hakuwa nazo zamani: nyuzi za buluu, nyingi, kila mahali, mbele ya Mulongwe, mbele ya bandari ya Kalundu, hata mbali ambako alitegemea kukuta matope safi. Alihuzunika na kufurahi kwa pamoja, kama daktari aliyepata ugonjwa aliokuwa akiutafuta. Alisema buluu ni rangi ya nyavu, ya kamba, ya mifuko ya sokoni, kwa hiyo ina maana. Mimi nilikanyaga cherehani. Nilijua kuna buluu nyingine, inayopukutika kutoka kwenye pindo la mkono uliokuwa ukining'inia juu ya kisahani. Nilijiambia haiwezekani iwe hiyo yote. Kila usiku nilijiahidi kwamba kesho saa nne nitasema, na kila saa nne nilimmiminia chai.

Kisha ukaja mkutano. Watu wa ziwa kutoka nchi jirani walikaa ukumbini hapa mjini siku mbili, na Mulaboranti alipewa nafasi ya kusema. Alinialika, nikakaa nyuma. Alisimama mbele yao na bluzi lake la chungwa, akaeleza vizuri, bila kukohoa, na watu waliandika. Alipomaliza, mama mmoja mtafiti kutoka Kigoma alimpongeza, akauliza kwa upole kama anaweza kuona upande wa ndani wa mkono wa koti lile. Mulaboranti alivua kwa fahari na kumkabidhi. Yule mama aligeuza pindo. Kutoka nyuma nilikokaa niliiona ile mistari ya buluu.

Walichoma kiuzi kimoja pale pale mezani. Ukumbi haukucheka, na nadhani ingekuwa afadhali ungecheka. Mulaboranti akasema kosa ni lake, hakupima nguo zake inavyopaswa, na anaomba kila alichokisema kifutwe. Hakusema koti lilishonwa na nani. Aliporudi nyumbani jioni ile aliyachoma mabluzi yote mawili uani, kwa hasira, na moshi wake tuliusikia mtaa mzima.

Kesho yake alikuja saa nne bila kikombe. Alikuwa ameshatulia na kuanza kufikiri, na ndiyo maana alikuja. Alinieleza kwamba amefanya upumbavu kuchoma mabluzi. Visahani vyote vya mwaka ule alikuwa navyo, vimekaushwa na kufunikwa, na nyuzi zilikuwa bado zimelala ndani. Kama angepata kipande cha uzi ule wa buluu, angekiweka chini ya hadubini, akajua msokoto wake na rangi yake barabara, halafu angevipitia visahani kimoja kimoja na kutoa kila kilichotoka kwenye nguo. Kinachobaki kingekuwa cha ziwa, na angerudi mbele ya watu wale wale. Bila kipande hicho, kila kiuzi cha buluu kingekuwa cha kushukiwa, na kazi yote ingelala.

"Minye nahitaji kipande tu," alisema. "Hata ya urefu wa mukono. Ulibakisha?"

Kibonge kilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu. Kilikuwa na ile karatasi. Ningekitoa, angesoma kwamba nilijua, na asingeniita tena mwenzake wa kazi.

"Hakuna, Baba," nilimwambia. "Iliisha yote. Na mwenye kuniuzisha alisema iko pamba."

Aliitikia kwa kichwa. Alisema wachuuzi siku hizi hawana dini, na akanipa pole kwa kudanganywa. Alinipa pole mimi.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka sita. Mulaboranti hakurudi ziwani. Wakubwa wake hawakumfukuza. Walimpa kazi ya kupima maji ya kunywa, klorini na kadhalika, mpaka umri wake ukafika akastaafu. Wavuvi, ambao habari iliwafikia ikiwa imeongezwa chumvi kuliko matope yake, walisema yule baba alikuwa akivua shati lake mwenyewe. Aliwasikia na kuwasalimia. Hakusema tena ule msemo wake, na watoto waliokuwa wakiuimba walikua, wakausahau.

Aliendelea kuja kwangu saa nne, na hilo ndilo lilinitesa zaidi. Aliketi benchini na kuzungumza bei ya mboga ya sombe na habari za kwaya. Kama angeninunia ningepumua. Kisha ziwa likaanza kupanda, mwaka baada ya mwaka, maji yakaingia kwenye nyumba za chini mpaka yakafika mlangoni kwake, naye na mkewe wakahamia chumba cha kupanga Nyamianda. Nilimsaidia kubeba vitu. Sanduku la bati lenye visahani alilibeba mwenyewe kichwani, yeye ambaye hakuwa na sababu tena ya kulitunza, na mimi nikajifanya naangalia njia.

Saa nne ilipokuwa tupu, ndipo nilipojua nilichokuwa nimekilinda kwa uongo ule. Nilikuwa nimekilinda kikombe cha chai, na sasa hakikuwepo hata hicho. Nikakaa miezi kadhaa nikitafuta namna nzuri ya kusema. Haikuwepo. Siku moja ya Alhamisi nilifunga kibanda, nikakichukua kibonge kwenye droo na karatasi yake, nikapanda pikipiki kwenda Nyamianda.

Mkewe alinifungulia. Aliniambia polepole, kabla sijaingia, kwamba nikisalimia nitaje jina, kwa sababu baba haoni. Ilikuwa presha ya macho. Daktari alisema kilichokwenda hakirudi. Sikuwa nimesikia, kwa kuwa sikuwa nimeuliza.

Alikuwa ameketi karibu na dirisha, amenyooka, shati la pamba limefungwa mpaka shingoni. Nilitaja jina langu. Alitabasamu upande ambao sikuwapo. Mkewe alipotoka kwenda kuchemsha maji nilijua chai ikifika nitashindwa, kwa hiyo sikukaa.

"Baba Mulaboranti, ile uzi haikuisha," nilisema. "Niko nayo hapa. Na hakuna mutu alinidanganya. Nilijua haiko pamba."

Alinyoosha mkono. Niliweka kibonge kiganjani mwake. Alikizungusha, akapapasa karatasi kwa kidole gumba, akavuta uzi kidogo na kuusokota kati ya vidole viwili.

"Tangu ile siku nilikuja na sina kikombe?"

"Mbele ya ile siku. Tangu nilishona."

Nje mtu alikuwa akitwanga. Nilitaka anitukane, na nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Ungeileta ile wiki," alisema mwishowe, "ningezitosha mu visahani, moja moja. Macho ilikuwa ingali muzuri."

Hapo nililia. Sina namna ya kulipamba. Alikuwa amesema bila ukali, kama anavyosema mtu anayesoma kipimo, na kipimo kilikuwa sahihi. Kazi yake yote ilikuwa pale, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, na nilikuwa nimemletea ufunguo baada ya mlango kuondoka. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, na muda wote huo vidole vyake viliendelea kuusokota ule uzi.

Kisha akanyanyuka, akaenda kwa kupapasa mpaka kitandani, akavuta sanduku. Akaniambia hadubini iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, niiweke dirishani na kioo chake kitazame jua. Nilimwambia sijui kuitumia. Akasema nimekuwa nikitazama nyuzi maisha yangu yote, hii itanionyesha zilezile, kubwa.

Alikata kipande cha uzi wa kibonge, nikakiweka kwanza, nikakitazama mpaka nikakijua: nyuzinyuzi fupi zilizosokotwa, buluu inayoelekea zambarau. Halafu akanipa kisahani cha kwanza. Niliona msitu. Macho yangu yalipozoea, nilianza kutambua kazi ya mikono yangu imelala pale, vipande na vipande, kati ya chembe za mchanga.

"Unaona nini?"

"Nyuzi, Baba."

"Ya nani?"

"Hii iko yangu," nilisema. "Na hii. Na ile ya kule pia iko yangu."

Kila nilipotaja, alikunja kidole. Nilikuwa nimefika karibu na ukingo wa kisahani nikaona mmoja uliokuwa mnene, laini, hauna msokoto wowote, wenye buluu nyingine kabisa.

"Hii haiko yangu," nilisema. "Hii haikupita ku mashini yangu."

Aliinua kichwa. "Iko nene? Haikusokotwa?"

"Nene."

"Wavu," alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya saa nne ya zamani. "Endelea."

Tulikuwa na visahani kumi na viwili. Nilikwenda kila Alhamisi, na baadaye kila siku ambayo jua lilikubali, na wateja wangu wa sare walijifunza kusubiri. Nyuzi nyingi zilikuwa zangu. Siwezi kuficha hilo sasa. Lakini zilizobaki, buluu za nyavu, nyekundu, kijani, vipande vyembamba vya mifuko visivyo na rangi, zilikuwepo kila mahali alipokuwa amesema zipo. Aliposikia hivyo hakushangilia. Aliniuliza rangi tena, taratibu, kama anayeuliza habari za jamaa waliosafiri.

Alitaka yote yaandikwe kwenye daftari, yapelekwe kwa yule mama wa Kigoma. Na ukurasa wa kwanza, alisema, uandike mabluzi yalivyoshonwa, uzi gani juu, uzi gani chini, nani alishona, na kwamba aliyeshona alijua. Bila hivyo hesabu yetu ingekuwa na tundu. Niliandika jina langu lote, la ubatizo na la baba. Aliniomba nimsomee, nikamsomea, akasema sasa imeshika.

Hakuniambia kwamba amenisamehe. Nilimwuliza wiki ya tatu, nikiwa nimeinama juu ya hadubini ili asisikie uso wangu. Alijibu kwamba bado tuna visahani tisa.

Tulivimaliza kumi na moja. Wiki ile ya mwisho alikuwa amelala, akaomba kitanda kisogezwe karibu na dirisha, na alinihesabia kwa vidole juu ya shuka. Jumatano mkewe alinitumia mtu. Tulimzika kwa kwaya, na shati lake nililishona mimi, pamba tupu, kwa mkono, uzi wa pamba juu na chini, ingawa mshono wa mkono hauna uzi wa chini.

Kisahani cha kumi na mbili, cha mwisho kabla daftari kwenda Kigoma, nilikihesabu peke yangu, Nyamianda, kwenye dirisha lile, saa nne. Mkewe aliketi mlangoni akichambua maharage, hakuuliza kitu. Nilizitaja kwa sauti kama tulivyozoea, hii yangu, hii yangu, hii yangu. Nikafika kwenye mmoja mwekundu, mwembamba, uliojikunja karibu na ukingo. Nilisema haiko yangu, nikasubiri kidogo, kisha nikaendelea.